Kiu ya Gari Kuukuu

Rejeta imelazwa ndani ya beseni la kufulia nguo. Mdomo wa juu umezibwa kwa gunzi la muhindi lililofungwa utepe wa mpira wa baiskeli. Mdomo wa chini umeunganishwa na pampu ya baiskeli. Fundi anasukuma mara tatu, mara nne, kisha anainama. Karibu na ukingo wa chini mapovu madogo yanapanda kwa mstari, moja nyuma ya jingine. Anaweka kidole hapo na kukwaruza alama kwa msumari.

Katika gereji za chini ya mwembe, mjini Bukama kusini-mashariki mwa Kongo na kwingineko, hicho ndicho kipimo cha kuaminika kuliko vyote. Mafundi wa Katanga, waliorithi msamiati wa kazi kutoka Kifaransa, watakuambia ni radiatere. Dar es Salaam ni rejeta. Kazi yake ni moja: kutupa joto. Takribani theluthi ya nishati iliyomo kwenye dizeli huishia ndani ya maji ya kupozea injini, kwa hiyo katika kila lita tatu unazonunua, lita moja hivi unainunua ili ukapashe joto hewa ya barabarani.

Sasa lile tundu. Dereva huona maji yakidondoka na kufikiri kwamba shida yake ni maji. Lakini maji Bukama yapo tele, mto Lualaba unapita palepale. Kinachomkimbia kabla ya maji ni presha. Mfuniko wa rejeta una springi na mpira, na ule ulioandikwa 0.9 huongeza juu ya mgandamizo wa kawaida wa hewa mwingine unaokaribia kulingana nao. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100, bali hungoja mpaka kama 118. Toboa mfumo huo kwa tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, nawe umerudisha maji kwenye sufuria isiyo na mfuniko.

Na sufuria hiyo iko wapi? Bukama iko karibu mita 560 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kamina kama mita 1,100. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema: nyuzi 98 hivi mtoni, 96 hivi Kamina. Injini yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzi 90 au karibu na hapo. Kwa hiyo gari lililokuwa na akiba ya nyuzi 28 linaanza kupanda likiwa na akiba ya nane, na linafika juu likiwa na sita. Tena linapanda kwa gia ndogo, upepo wa mbele haupo, feni peke yake ndiyo inayohema. Kuchemsha hapo si bahati mbaya.

Madereva wazoefu wana mbinu: wanalegeza mfuniko makusudi, presha isijae, tundu livuje polepole. Mbinu hiyo ina akili, maana maji yasiyosukumwa hayana haraka ya kutoka. Ila anayeitumia amekubali kuishi na zile nyuzi nane, na lazima awe na madumu ya maji nyuma na subira ya kusimama kila kilima.

Kinachotisha ni mtu anayefungua mfuniko gari likiwa limechemka. Maji ya nyuzi 118 yakiachiwa ghafla hayawezi kubaki maji yote. Katika kila lita, gramu zipatazo 37 hugeuka mvuke papo hapo. Gramu 37 ni vijiko vichache vya supu, lakini zikiwa mvuke zinadai nafasi ya lita 60 hivi, na njia pekee ya kutokea ni kupitia usoni pa aliyeinama. Ngoja nusu saa. Nusu saa hiyo pia inaokoa injini, kwa sababu maji baridi yakimwagwa kwenye chuma kilichowaka yanaweza kukipasua.

Turudi kwa fundi. Bahati yake ni kwamba rejeta iliyo mbele yake ni ya kizamani: mirija ya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, iliyozungukwa na mabati membamba ya shaba tupu. Shaba hupitisha joto karibu mara 1.7 kuliko alumini, na zaidi ya hapo, inakubali lehemu. Lehemu ni bati na risasi. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, wakati shaba yenyewe haiyeyuki mpaka 1,085, kwa hiyo fundi ana uwanja mpana wa kukosea bila kuharibu. Anasugua tundu kwa brashi ya waya mpaka shaba ing'ae, anapaka asidi iliyokwisha kula zinki ili kuondoa kutu, kisha anayeyushia lehemu. Bati ndilo linaloungana na shaba. Risasi inajaza na kupunguza gharama. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto wanaozunguka gereji, na ningependa mafundi wetu walitilie hilo uzito zaidi.

Siwezi kulitazama beseni lile bila kukumbuka historia. Kati ya 1971 na 1997 mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba. Reli ilifika Bukama kutoka kusini mwaka 1918, na iliposogezwa hadi Ilebo mwaka 1928, shaba ya Katanga ilivuka Lualaba hapa ikielekea Ilebo, Kinshasa kwa meli, kisha Matadi. Bati lilichimbwa Manono. Kipande cha madini hayo huenda kilizunguka dunia, kikarudi kikiwa rejeta ya Toyota.

Rejeta mpya za alumini zenye matangi ya plastiki ni nyepesi na nafuu kiwandani. Chini ya mwembe ni msiba. Alumini huvaa ngozi ya oksidi mara tu inapokutana na hewa, ngozi isiyoyeyuka kabla ya nyuzi 2,000, na lehemu ya kawaida huteleza juu yake. Plastiki ikipasuka, imepasuka.

Wengine humimina ute wa yai. Unafanya kazi kwa muda: ute huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu, ukikokotwa na maji kwenda tunduni unaziba. Lakini unaganda pia ndani ya mirija mizima. Sabuni ya kipande waachie wenye tangi la mafuta linalovuja, kwa kuwa haiyeyuki katika petroli. Ndani ya rejeta itakuwa povu. Afadhali kubana kwa koleo mrija uliotoboka, juu na chini, na kuupoteza mmoja kati ya makumi.

Maji yenyewe nayo yachaguliwe. Ya mtoni wakati wa masika yana tope, na tope hukaa chini ya rejeta kama ukoko wa ugali. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora, hayana chokaa.

Kuna dalili moja ambayo dereva mgeni huipokea kwa furaha. Mshale wa joto umekuwa ukipanda kilima kizima, halafu ghafla unashuka mpaka chini. Anashusha pumzi, anakanyaga mafuta. Kifaa cha kupima joto hukaa ndani ya maji, na maji yakiisha kinabaki kuning'inia hewani, hakina cha kupima.