Mama mujane haiko mustari kwenye fishi ya bwana yake

Watu wa enformatike wanachora namna gani serivisi za serikali, na juu ya nini mufanyakazi wa mine anapashwa kukaa nao pale wakati wanachora

Kwenye nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuko mutoto mumoja anayesoma enformatike. Wakati wa kuandika TFC unafika, mutoto anatandika karatasi kubwa juu ya meza na kuanza kuchora: masanduku, mistari, na vijitu vidogo vyenye kichwa cha duara na mikono ya vijiti. Baba anarudi kutoka posti ya usiku, bote zingali na udongo. Anasimama, anaangalia.

— Sasa wee, hii njo nini?

— Papa, ni analize.

— Analize? Unasoma bunganga?

— Hapana, papa. Ni analize na konsepsio ya sistemi ya pansio.

Baba anacheka, anaenda kuoga. Pale njo anakosa. Ile karatasi inamuhusu yeye kuliko mutoto. Siku moja atafika kwenye gishe kuomba pansio yake, ao bibi yake atafika peke yake na kitambaa cheusi, na ordinateri itawajibu sawasawa na vile watu walichora. Ordinateri haina roho mubaya wala roho muzuri. Kile kilichochorwa, inakijua. Kile hakikuchorwa, kwake hakiko.

Fishi moja haienei

Tuseme mutu mumoja. Ni mufano tu, lakini kila musomaji atatambua jirani yake ndani.

Alizaliwa Jadotville mwaka 1960. Tangu 1966 muji ule unaitwa Likasi. Alibatizwa na jina la muzungu. Mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya namna ile, basi kwenye masomo akabakia na jina na post-nom. Mwaka 1979 Gécamines ikamuandika kazi na yale majina mawili. Nyuma, wakati wa majina ya batizo ulirudi, karta zake mupya zikaandikwa majina matatu. Mutu mumoja, mikanda ya namna mbili.

Mwaka 2003 akaondoka Gécamines na ile programu ya kuondoka kwa mapenzi, pamoja na wengine kupita 10 000. Kisha akafanya kazi kwa kampani ndogo ya sutretansi, kisha kwa ingine, kisha kwenye mine ya kobalti Kolwezi. Kolwezi ilikuwa ndani ya Katanga; tangu 2015 Katanga iligawanywa mara ine, na Kolwezi ni muji mukubwa wa Lualaba.

Na makuta? Mushahara wake wa kwanza ulikuwa wa zaire. Mwaka 1993 kukakuja zaire mupya, moja kwa zaire milioni 3. Mwaka 1998 kukakuja franka kongole, moja kwa zaire mupya 100 000.

Sasa muweke ule mutu ndani ya fishi ya kawaida. Fishi iko na mistari ine: jina, kampani, adresi, mushahara. Anapobadilisha kampani, ajenti anafuta ya zamani, anaandika ya mupya. Mistari ni ine tu, atafanya nini? Basi ile miaka 24 ya Gécamines imeenda wapi? Hakuna mutu aliiba. Hakuna mutu alikuwa mubaya. Ni fishi tu haikuwa na nafasi ya maisha ya mutu anayehama.

Wengi wanafikiri kwamba ordinateri ikifika, ile shida itaisha. Haiishe. Ukichukua fishi mbaya ukaiweka ndani ya ordinateri, unakuwa na fishi mbaya inayokimbia mbio.

Kuchora vitu, sio kuchora karatasi

Kuko namna ingine ya kufikiri. Ilizaliwa Oslo, inchi ya Norvège, kwa mikono ya watu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Luga yao ya ordinateri iliitwa Simula, na ile ya kujulikana zaidi ni ya 1967, mwaka ule ule ambao serikali ya Kongo ilichukua Union Minière. Kitu kimoja walichotafuta ilikuwa kuonyesha ndani ya ordinateri namna watu na vitu vinangoja kwenye foleni na kupita kutoka posti moja mpaka ingine. Wakaona kwamba ni heri kuipa ordinateri vitu vyenyewe, kuliko mufululizo mumoja murefu wa amri. Kila kitu kinajua mambo yake, na kinajua kazi gani kinaweza kufanya. Kwa kifaransa wanasema objet. Mwaka 1997 namna ya kuchora ile michoro iliwekwa kuwa moja kwa dunia yote, inaitwa UML. Ni ile watoto wetu wanajifunza.

Kitu kinafanana na magazinieri wa depo. Unataka kasike mupya. Huingii mwenyewe ndani ya depo kujichagulia. Unapita kwenye dirisha, unatoa bono, magazinieri anaangalia kama bono iko na sinyatire, kisha anakutolea kasike na kuandika. Ukikuja bila bono, unarudi mikono mitupu, ata kama wewe ni rafiki yake. Obje iko vile vile. Tarehe ya kuzaliwa iko ndani ya depo. Hakuna ajenti anaweza kuingia usiku kuigeuza. Kama iko makosa, anapashwa kupita dirishani na mukanda wa kuhakikisha, na sistemi inaandika nani aligeuza, siku gani, na mbele ilikuwa nini.

Sasa tuchore upya mutu wetu wa Likasi.

Sanduku la kwanza: Mutu. Ndani yake, namba moja ambayo haibadiliki mpaka kufa, na majina, kwa wingi, kila jina na mukanda wake. Sanduku la pili: Kampani. Katikati yao hatuweki mustari mutupu, tunaweka sanduku la tatu: Kazi, na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Mutu anaweza kuwa na Kazi moja, ine, ao kumi. Akihama, hakuna kitu kinafutwa: Kazi moja inafungwa, ingine inafunguliwa. Kampani ikikufa, Kazi inabakia.

Sanduku la ine: Makato. Kila mwezi wa kila Kazi uko na Makato yake: feza ngapi, feza ya wakati gani (zaire, zaire mupya, franka), na kwa sheria gani. Juu sheria pia inahama. Mbele, mufanyakazi alikatwa 3,5 kwa 100. Kwa sheria ya 15 julai 2016, mufanyakazi anakatwa 5 kwa 100 na mwenye kazi anatoa 13 kwa 100. Mutu wa enformatike anayeandika «5» mahali pamoja kwa miaka yote, ameharibu hesabu ya wazee wote.

Na kreseri? Yeye hana patro. Kodi ya mine inamuomba karta ya muchimbaji na kuwa ndani ya koperative. Kama muchoro unasema «kila mufanyakazi anapashwa kuwa na Kampani», kreseri hawezi kuandikwa, ata akichimba miaka makumi mbili. Lakini kama mustari unasema «Kampani, sifuri ao zaidi», mulango unafunguka. Ni alama ndogo tu mwishoni mwa mustari, mutu wa kawaida hataiona. Lakini pale njo wamesema nani ni mutu wa ile serivisi na nani haiko.

Mama mujane

Tufike kwa bibi yake. Kwenye fishi ya zamani aliandikwa chini, kwenye mustari «bibi», na watoto kwenye mustari «watoto: 6». Siku bwana anakufa, ajenti anafunga fishi. Na ndani ya fishi iliyofungwa kuko nani? Kuko mama, angali muzima, na watoto sita.

Njo maana mama anafika kwenye gishe na wanamuomba aanze tena kuhakikisha kwamba yeye ni nani. Kwa ile sistemi hakukuwaka naye. Alikuwa neno kwenye karatasi ya mutu mwingine.

Kwenye muchoro wa obje, mama ni Mutu toka siku ya kwanza, na namba yake, majina yake, adresi yake. Kati yake na bwana kuko sanduku Ndoa, na tarehe na mukanda. Kila mutoto ni Mutu pia, na tarehe yake ya kuzaliwa, basi sistemi inajua yenyewe nani angali mudogo na nani amekomaa. Bwana akikufa, ni Mutu mumoja tu anabadilika hali. Wengine wanabakia wamesimama. Tena kile kifo kinaweza kugonga mulango wa sanduku zingine: «Huyu amekufa, muangalie kama kuko wenye haki.» Mama anafika kwenye gishe, na sistemi inamungojea.

Kufanya vile haiombe mashini kubwa kupita. Inaomba mutu aulize mapema: wakati baba akikufa, nini inafuata?

Swali moja: na kama haiko?

Vile vijitu vya mikono ya vijiti vinaitwa wakta, acteurs. Kila kimoja ni mutu anayekuja kuomba kitu ao kufanya kitu: mujane, ajenti wa gishe, mukubwa anayetia sinyatire. Pembeni kuko yai, na ndani ya yai wameandika kazi, kwa mufano «Kuomba pansio ya mujane». Ni Ivar Jacobson wa Suède alileta ile namna, wakati alikuwa anafanya kazi ya masimu kwa Ericsson.

Kwa kila yai wanaandika hatua: mama anafika, anatoa mikanda, ajenti anaangalia, na kuendelea. Hii ni njia ya siku nzuri, na kila mutu anaweza kuiandika bila kutoka biro. Mali iko kwa swali lingine: na kama haiko? Kama mukanda wa ndoa ulichomeka na nyumba? Kama kampani ilifunga na hakuna mutu wa kutia sinyatire? Kama jina liko na «w» kwenye mukanda mumoja na «u» kwenye mwingine? Kama mama hajui kusoma? Hakuna profesa anaweza kuvumbua haya yote kichwani. Ni nyinyi munayajua, juu mumeyapitia.

Kisha kuko muchoro wa hali za dosie: imepokelewa, inangoja mukanda, imekubaliwa, imekatazwa, inalipwa. Kila hali inapashwa kuwa na mulango wa kutokea, jina la kazi ya mutu anayeishika, na siku ngapi inaweza kukaa pale. «Imekatazwa» pia inapashwa kuwa na mushale wa kurudi: kulalamika. Dosie inayongoja bila mutu wa kuishika, sisi tunaita imepotea. Kwenye muchoro muzuri ile hali haiwezekani.

Tena kosa likionekana kwenye karatasi, unalifuta na gome. Likionekana wakati mamia ya maelfu ya watu wamekwisha kuandikwa, ni kuanza upya, na ni familia zitangoja.

Nygaard na watu wa chuma

Kristen Nygaard, mumoja wa wababa wa hii namna, hakubakia kwenye biro. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alienda kufanya kazi pamoja na sendika ya wafanyakazi wa chuma wa Norvège. Aliona kwamba zile ordinateri zinageuza kazi ya mutu na nguvu za mutu, lakini mutu mwenyewe haulizwe. Wafanyakazi wakajifunza, wakaandika wenyewe mawazo yao juu ya sistemi za kampani zao. Mwaka 1975 kukakuwa mapatano kwa inchi muzima kati ya sendika na wenye kampani, na wafanyakazi wakapata haki ya kujua na ya kusema mbele ya sistemi kuingizwa. Na kukakuwa delege wa kufuata mambo ya ordinateri, sawa vile kuko delege wa kufuata usalama.

Sisi pia tuko na madelege. Kampani, komine ao serivisi ya serikali ikisema «tunaleta sistemi mupya», delege anaweza kuinua mukono na kuuliza maneno tano tu:

Mutu akihama kampani, kazi yake ya zamani inabakia wapi? Mutu mwenye majina mbili ao tatu, sistemi inamutambua namna gani? Bibi na watoto wako na namba zao wenyewe? Nani anaweza kugeuza tarehe, na inaandikwa wapi? Dosie ikikatazwa, mutu anapita wapi?

Wakishindwa kujibu ata moja, muchoro haujaisha.

Na wakati tungali tunangoja, mufanye kazi ya obje kwa mikono. Muchukue kaye moja. Ukurasa mumoja kwa kila kazi baba alifanya: kampani, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, namba ya matrikile, na karatasi za mushahara mulizonazo. Ukurasa mumoja kwa mama, na mukanda wa ndoa. Ukurasa mumoja kwa kila mutoto, na mukanda wa kuzaliwa. Majina yaandikwe sawasawa na vile yako kwenye kila mukanda, ata kama hayafanane. Ile kaye ikae mahali mama anajua.

Na mutoto akitandika tena karatasi yake juu ya meza, baba, kabla ya kuoga vuta kiti. Muulize: «Mimi niko wapi hapa?» Akikuonyesha sanduku, muulize tena: «Na mama yako?»