Wino wa kuchanganya: faida ipo, hesabu kwanza

KILOSA – Kazi ya kukuza picha za zamani nyeusi na nyeupe ni ndogo ikilinganishwa na ile ya picha za pasipoti, lakini ndiyo yenye lawama nyingi. Familia inayoleta picha pekee ya marehemu ikuzwe na kutiwa fremu hutarajia ikae ukutani miaka mingi. Ikififia mapema, studio imepoteza mteja pamoja na ukoo wake.

Chanzo ni wino. Printa ya kawaida hupata kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi, hivyo picha huweza kuelekea kijani au zambarau. Ikitumia mweusi peke yake, sehemu angavu za uso huonyesha vitone. Aidha, wino mwingi wa bei nafuu ni rangi iliyoyeyushwa, ambayo hupauka kwa jua.

Nchini Marekani, mafundi walijaza wino mweusi wa chembe za kaboni katika nafasi za rangi, ukiwa umezimuliwa kwa viwango tofauti. Jon Cone aliingiza sokoni mfumo uitwao Piezography, na Paul Roark alitoa bure kanuni za kujichanganyia. Kaboni ni jamii moja na masizi, na hustahimili sana mwanga.

Hesabu yake

Tuchukue chupa moja ya mililita 100 za wino mweusi. Kijivu cha kwanza huchukua mililita 30 za wino na 70 za kimiminika cha kuzimulia. Cha pili 10 kwa 90. Cha tatu 3 kwa 97. Wino uliotumika ni mililita 43, na kijivu kilichopatikana ni mililita 300. Mililita 57 hubaki kwa nafasi ya mweusi. Hapo ndipo faida ilipo.

Kimiminika hicho ni maji yaliyotoneshwa, glisirini na dawa kidogo ya kulowanisha, kama Photo-Flo ya Kodak. Glisirini hupatikana katika maduka ya dawa. Maji ya bomba hayafai, kwa kuwa chumvi yake huziba matundu. Anayenunua maji ya betri ahakikishe hayana asidi.

Wino wa chembe usichanganywe na ule wa kuyeyuka, kwani huweza kuganda. Chupa itikiswe kabla ya kupima, na kila kiwango kiwe na bomba lake la sindano. Kadhalika, huhitajika programu ya kuielekeza printa, mfano QuadTone RIP ya Roy Harrington, ambayo hufanya kazi na printa nyingi za Epson. Wino mweusi wa karatasi isiyong'aa haushiki vizuri kwenye karatasi inayong'aa.

Mji mmoja au miwili?

Tatizo kubwa kibiashara ni printa kukaa bila kazi. Wino hukauka kichwani, na kuzibua hula wino ule ule uliokusudiwa kuokolewa. Studio yenye picha mbili tatu kwa mwezi itapata hasara hata wino ukiwa rahisi kiasi gani.

Kilosa ni makao makuu ya wilaya, penye watumishi na familia za siku nyingi. Mikumi iko kando ya barabara kuu, jirani na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na wageni wake huweza kununua picha za wanyama. Printa moja ikihudumia miji yote miwili, kazi za Mikumi zikitumwa Kilosa au kinyume chake, ina nafasi nzuri zaidi ya kufanya kazi kila wiki kuliko printa mbili zinazogombea wateja.

Kwa hiyo mwenye studio ahesabu kwanza kazi za miezi mitatu iliyopita. Zikitosha kuchapa kila wiki, anunue chupa. Zisipotosha, atafute mwenzake wa mji wa pili kabla ya kutafuta wino.