Kijiko Kimoja cha Dawa ni Kiasi Gani?



Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama, na baada ya pesa za mzunguko kuhesabiwa mama mmoja akasimama kutuuliza swali. Mtoto wake wa miaka 3 alikuwa amepewa chupa ya dawa ya maji, amoksilini, kwa sababu ya nimonia. Kufika nyumbani, mdogo wake naye akaanza kukohoa na makamasi. Basi mama akafanya lile ambalo wengi wetu tumewahi kulifanya: akawagawia wote wawili. Kijiko cha chai asubuhi, kijiko cha chai jioni, kila mtoto. Dawa ikaisha siku ya 5, vile vile alivyoambiwa. Lakini siku hiyo yule mkubwa alikuwa anahema mbio na kifua kinabonyea ndani, ikabidi akimbizwe hospitali, akalazwa na kuwekewa oksijeni. Alipona, tunashukuru. Swali la mama lilikuwa hili: "Mbona dozi niliimaliza?"

Tukaketi naye tukapiga hesabu, na hesabu yenyewe tungependa kila kikundi kiielewe.

Dawa ya mtoto haipimwi kwa miaka tu, hupimwa kwa uzito. Kwa nimonia ya mtoto anayetibiwa nyumbani, Shirika la Afya Duniani linashauri amoksilini miligramu 40 au zaidi kidogo kwa kila kilo ya mtoto, mara 2 kwa siku, kwa siku 5. Mtoto yule alikuwa na kilo 12. Kilo 12 mara miligramu 40 ni 480, yaani karibu miligramu 500 asubuhi na 500 jioni. Chupa aliyopewa ilikuwa ya mililita 100, na imeandikwa "250 mg/5 ml". Maana yake ni kwamba ndani ya kila mililita 5 mna miligramu 250. Kwa hiyo alihitaji mililita 10 kila mara, asubuhi na jioni. Kwa siku ni mililita 20, kwa siku 5 ni mililita 100. Chupa nzima! Ilikuwa ya mtoto mmoja, hakuna hata tone la mwenzake. Mgonjwa alipata nusu ya dawa yake, na aliyepata nusu ya pili huenda alikuwa na mafua tu, ambayo antibiotiki haitibu.

Sasa tazameni mahali pengine pa kukosea. Kuna chupa nyingine ya amoksilini imeandikwa "125 mg/5 ml". Ladha huenda ikawa ile ile, lakini nguvu yake ni nusu. Ukiizoea ile moja halafu ukapewa nyingine, kipimo ulichozoea kinakupotosha. Kwa hivyo usiseme "nampa kijiko kimoja kama mara ile ingine." Uliza upya.

Na hicho kijiko chenyewe? Tuliwaomba wanachama walete vijiko vya chai kutoka nyumbani, tukapima maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kidogo kilibeba mililita 3, kikubwa kikabeba 7. Watu walicheka, lakini mama aliyekuwa na kile kidogo hakucheka sana. Pimeni dawa kwa kikombe au kijiko kinachokuja na chupa, au kwa bomba lenye alama. Na kabla ya kupima, tikisa chupa vizuri, maana dawa huzama chini. Usipotikisa, mtoto hupewa maji siku za kwanza na dawa nzito mwishoni.

Dawa ikiwa ni ya unga, mwombe aliyekupa akuchanganyie au akuonyeshe. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, na yafike kwenye alama bila kuipita. Ukizidisha maji umeipunguza nguvu. Ikishachanganywa haikai muda mrefu: nyingi ni siku 7, nyingine hadi 14 zikiwekwa mahali baridi. Chupa ya mwaka jana iliyo juu ya kabati, mwaga.

Siku hizi kuna pia vidonge vya amoksilini vya watoto, vya miligramu 250, vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Hivi vinarahisisha mambo. Mtoto wa kilo 6 hupata kimoja asubuhi na kimoja jioni, yule wa kilo 12 viwili na viwili. Kufungua kidonge cha rangi mbili cha mtu mzima na kugawa unga kwa macho si kupima, ni kubahatisha.

Tunatoa hesabu hizi ili uweze kuuliza, si ili ujitibie. Siku 5 ni za nimonia. Koo lenye bakteria huhitaji penisilini siku 10 ili kuukinga moyo wa mtoto, na koo nyingine nyingi hazihitaji antibiotiki kabisa. Kuhara kwa kawaida kunataka maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS) na zinki, si antibiotiki. Uamuzi huo ni wa nesi au daktari. Kazi yako ni kwenda na kitabu cha kliniki chenye uzito wa mtoto, na kama hajapimwa karibuni, kataa kuondoka kabla apandishwe kwenye mizani. Mtoto wa mwaka mmoja aliyekonda anaweza kuwa na kilo 7, na jirani yake wa umri huo huo kilo 11.

Akitapika dawa kabla nusu saa haijapita, rudia. Akianza kucheza siku ya 3, endelea mpaka siku zilizoandikwa ziishe. Tangu mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kwamba dozi ndogo huwafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Lakini siku ya 3 ikifika na hakuna nafuu, rudi ulikotoka. Usinunue dawa ya pili dukani. Na kuna dalili zisizongoja hata asubuhi: mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Vikundi vingi vina akiba ya dharura. Mwenye ufunguo wa sanduku ajulikane, na nauli ya usiku huo itolewe bila kungoja mkutano.