Wanafunzi Wanaolemewa na Masomo ya Jamii: Kiswahili Kiwe Daraja

Walimu wa Historia na Uraia hapa Gisenyi hutueleza mara kwa mara kwamba wapo wanafunzi "wazito" ambao hukariri tarehe na kuzisahau baada ya jaribio. Katika makala haya tungependa kuonyesha kwamba mara nyingi uzito huo haumo kichwani mwa mwanafunzi bali katika lugha.

Itakumbukwa kwamba mnamo Oktoba 2008 serikali yetu iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa. Kwa hiyo mwanafunzi hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: dhana ngeni na lugha ngeni.

Tulipotembelea shule moja ya sekondari, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliulizwa kwa Kiingereza aeleze matokeo ya kugawanywa kwa Afrika. Alinyamaza. Tulipomuuliza kwa Kiswahili kwa nini Gisenyi na Goma ni miji ya nchi mbili ilhali imegusana, alizungumza bila kusita: ndugu waliotenganishwa na mpaka, vibali, ushuru, na faranga za aina mbili. Jibu alikuwa nalo.

Kutokana na hali hiyo, tunawashauri walimu wanafunzi wetu hatua tatu.

Kwanza, waanzie karibu. Kabla ya Mkutano wa Berlin wa 1884-1885, darasa lianze na mpaka wanaouona. Wakubali au wakatae kwamba ni wa "tangu zamani", kisha waelezwe kuwa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza ziliafikiana kuhusu mipaka ya eneo hili huko Brussels mwaka 1910.

Pili, watengeneze orodha ya istilahi kwa lugha tatu. Baadhi ya maneno ya Kinyarwanda na Kiswahili yanafanana: umupaka na mpaka, isoko na soko, ubukoloni na ukoloni. Mengine hutofautiana: leta ni serikali, ubukungu ni uchumi. Safu ya tatu ni ya Kiingereza.

Tatu, wajadili kwa Kiswahili, kisha waandike kwa Kiingereza. Tusidanganyane: mtihani wa taifa wa Historia hauandikwi kwa Kiswahili. Daraja ni la kuvukia, si la kuishi juu yake.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusitumie Kinyarwanda pekee? Kinyarwanda hakina budi kutumika. Lakini Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini tangu 2017, kina istilahi za masomo haya zilizokwisha kuzoeleka Tanzania, ambako Maarifa ya Jamii na Uraia yamefundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka mingi.

Jambo hili si la alama tu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, ufundishaji wa Historia ulisitishwa kwa miaka kadhaa mashuleni, kwa sababu somo lililofundishwa vibaya lilikuwa limechangia kuwagawa watu. Mwanafunzi anayekariri asichokielewa hawezi kukihoji. Anayeelewa anaweza kuuliza, kupinga na kupima anayoambiwa.

Walimu watakaojaribu hatua hizi tunawaomba watuletee orodha zao za istilahi ili tuzilinganishe na kuzisahihisha pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.