Mlango wa banda ukibaki wazi, hasara ni ya nani?

Alfajiri moja msimu wa masika jirani yangu alinipigia hodi. Hakunisalimu. Mkononi alikuwa na mabua ya mahindi yaliyotafunwa. "Baba, njoo uone kazi ya mbuzi wako," aliniambia.

Nilimfuata. Mbuzi wangu tisa walikuwa wamejilaza shambani mwake, wameshiba. Mahindi yalikuwa magotini, na kunde ndiyo kwanza zinatambaa. Usiku ule kijana wangu alikuwa ameurudishia tu mlango wa banda, hakutia komeo. Nami, badala ya kuomba radhi, nilimjibu: "Mbona hukuzungushia shamba lako ua?"

Neno hilo hutumiwa sana na sisi wenye mifugo. Nililisema nikidhani ni haki yangu. Nilipoulizia sheria, nikagundua nilikuwa nimeigeuza juu chini.

Kenya ilirithi kanuni za kawaida za Uingereza kupitia Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, ambayo inataja tarehe 12 Agosti 1897 kuwa mpaka wa sheria zilizoletwa kutoka huko. Kanuni moja ya zamani inasema mwenye mifugo ndiye wa kuizuia isitoke, si mkulima wa kuizuia isiingie. Mbuzi wako akila mazao ya mtu, unalipa hata kama hukukusudia na hata kama ni mtoto aliyesahau komeo. Mkulima hahitaji kuthibitisha uzembe wako. Inatosha aonyeshe kwamba wanyama ni wako, waliingia shambani mwake, na waliharibu kitu.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Uvamizi wa Ardhi, Sura ya 294. Kifungu cha 3 kinamhesabu kuwa mkosaji mtu anayelisha mifugo, au anayeiachilia iwe, katika ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya anayeikalia na bila sababu ya maana. Kwa hivyo jambo hili linaweza kuwa dai la fidia, na pia linaweza kufika polisi.

Je, mwenye mifugo hana utetezi? Anao, lakini ni mwembamba. Ikiwa mkulima mwenyewe ndiye aliyeacha wazi lango alilopaswa kulifunga, hawezi kumlaumu mwingine. Pia, mifugo ikiwa inapitishwa barabarani kihalali, ikaponyoka na kuingia kwa mtu aliye kando ya njia, mwenye mali hiyo hulazimika kuthibitisha kwamba mchungaji alizembea. Mwaka 1882 mahakama ya Uingereza iliamua hivyo pale ng'ombe aliyekuwa akipitishwa mjini alipoingia dukani kupitia mlango uliokuwa wazi. Mwenye ng'ombe hakulipishwa. Kwa hivyo wewe uliye karibu na njia ya ng'ombe, lango lako nalo lifunge.

Sasa mkulima afanye nini akikuta shamba limeliwa? Kwanza asipige panga. Kifungu cha 338 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mkosaji yeyote anayemuua au kumjeruhi mnyama kwa makusudi na kinyume cha sheria. Uliyeamka ukiwa mdai, jioni utalala ukiwa mshtakiwa.

Piga picha za uharibifu na za wanyama. Waite mashahidi, mzee wa mtaa au chifu. Mwombe afisa wa kilimo akadirie hasara, maana karatasi yake ina uzito kuliko makadirio yako. Ukiwazuia wanyama wakati mnatafuta suluhu, wape maji na malisho, wala usiwauze.

Wazee wakishindwa kuwapatanisha, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Usikae mno: dai la uharibifu wa aina hii lina muda wa miaka 3 tu.

Hata hivyo, Ibara ya 159 ya Katiba inahimiza upatanisho, na mimi naupendelea. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuambiwa ugomvi wa mifugo na mashamba unaweza kufika wapi. Kule Tana Delta, mwaka 2012, uhasama wa wakulima na wafugaji juu ya malisho, maji na mashamba uliishia kwa mauaji ya watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto. Siku hizo hakuna aliyeuliza tena mfugo wa nani ulianza kuingia wapi.

Nilirudi kwa jirani yangu baada ya siku mbili, nikiwa na mzee wa mtaa. Niliomba radhi kwanza, kisha tukahesabu: mbegu, kibarua cha kulima na mavuno aliyoyakosa. Nililipa kwa awamu tatu, na ya mwisho ilinilazimu kuuza beberu. Iliniuma, lakini yeye alikuwa amepoteza chakula cha watoto wake.

Siku hizi kabla sijalala huenda mwenyewe bandani na tochi, nikalishika lile komeo kwa mkono wangu. Kazi hiyo simwachii mtoto tena.