Kilo 14 za Bibi

Bibi yangu, hapa Sidab, hakamui nazi tena. Hakumwambia mtu. Tuligundua tulipokuta makopo ya tui yamefichwa nyuma ya gunia la mchele, na kifumbu chake kimetundikwa msumarini, kikavu.

"Bibi, kwa nini hukutwambia?"

"Niwaambie nini? Mikono ya kizee hii."

Mimi nikacheka. Ami hakucheka, akampeleka kupimwa.

Kifaa chenyewe ni mpini wa chuma tu. Unakaa, unakunja kiwiko, unabana kwa nguvu zako zote, mara tatu kila mkono. Bibi akabana mpaka uso ukamwiva: kilo 14. Ami, mvuvi wa kuvuta nyavu tangu utotoni, akapata 46 na kujisifu njia nzima.

Kumbe mchezo ule una uzito. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa PURE, watu karibu 140,000 katika nchi 17. Kila nguvu za mkono zilipokuwa pungufu kwa kilo 5, hatari ya kufa katika miaka waliyofuatiliwa ilizidi kwa asilimia 16. Mkono ulibashiri vifo kuliko presha! Si kwamba mkono ndio unaoua, jamani. Unatoboa siri za mwili mzima: misuli, lishe, maradhi.

Lakini kilo 14 ni chache kwa nani? Kwa mwanamke, wataalamu wa Ulaya wanaingiwa na wasiwasi chini ya kilo 16, wa Asia chini ya 18. Na PURE walipopima watu wazima wenye afya katika nchi 21, Ulaya na Amerika Kaskazini walikuwa juu, Mashariki ya Kati katikati, Afrika miongoni mwa walio chini.

Haya, Bibi tumuweke wapi? Kazaliwa Unguja, pasipoti ya Oman. Lile swali tunaloulizwa sisi kila siku, "wewe hasa wa wapi?", limemfuata mpaka kwenye jedwali la daktari.

Daktari hakubishana na jiografia. Mipaka yote miwili Bibi yuko chini yake, akasema. Ale samaki na mayai zaidi, afanye mazoezi ya kuinuka kitini, arudi baada ya miezi sita tumlinganishe na yeye mwenyewe.

Ijumaa hii nimekamua mimi. Bibi kakaa kitini pembeni, anasimamia.

"Kamua, mwanangu! Hilo si tui, hayo maji."