Matanga yakiisha, mjane wa askari anabaki na nani?

Habari ya kifo ikifika kampini, wamama tunajaa uani mara moja. Tunaleta makala, unga na maharagwe, tunalala chini pamoja na mfiwa. Mara nyingine hakuna hata maiti ya kuzika: baba ameanguka mbali, Masisi au Ituri, na tunalia mbele ya picha tu. Kwa kulia pamoja, hakuna wa kutufundisha.

Lakini watu wakiisha kutawanyika, mjane anaanza kuitwa biro. Karatasi ya ndoa iko wapi? Ya kifo? Za kuzaliwa kwa watoto? Sheria ya jamaa inatambua ndoa iliyofungwa au kuandikishwa kwenye etasivili. Wengi walitolewa mali, wakacheza, wakala, na karatasi wakasema kesho. Mume akahamishwa mkoa hadi mkoa, kesho haikufika. Mama wa watoto 6 anakuwa kama mgeni mbele ya meza ya ofisi.

Watoto wana haki yao. Sheria hiyo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa robo tatu ya urithi. Hata aliyezaliwa nje ya ndoa anahesabiwa, mradi baba alimtambua kisheria angali hai. Shemeji anayebeba godoro na televizyo kabla ya ugawaji anawanyang'anya yatima.

Tunaomba vikundi vyetu: mchango usiishie wote katika chakula cha matanga (wengine, tuseme kweli, wanakuja kwa ajili ya bia). Sehemu ilipe kopi, picha na safari za biro. Mama anayesoma Kifaransa amsindikize mjane, maana karatasi zote ziko katika Kifaransa, na mwenye machozi anatia kidole gumba mahali asipopajua. Karatasi zenyewe asimwachie mtu, atoe kopi.

Sisi walimu tunaona mengine. Mtoto aliyefiwa anasinzia darasani, anapiga wenzake, au ananyamaza kabisa. Asiambiwe baba amesafiri, atamngoja mlangoni kila jioni. Aambiwe kweli kwa maneno machache, aulize tena na tena, ajibiwe. Na mwalimu ajulishwe mapema.

Nawe ambaye mume wako yuko vitani na angali hai: akirudi likizo, nendeni komine pamoja kabla wageni hawajamaliza kumsalimia. Mtoto mchanga anaandikishwa bure ndani ya siku 90.